Hilkka na Kengele ya Sita

Hilkka Tirkkonen aliingia ofisini kwetu Jumatatu ya pili ya Januari 1993. Alikuwa amevaa koti la sufu la kijani, na viatu vyake vya theluji viliacha vidimbwi kutoka mlangoni mpaka mezani kwangu. Akauliza nani hapa ndiye mkubwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, yeye hamsini na tano, na alikuwa hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake.

Kampuni yetu iliitwa Lumikuikka. Tulikuwa watu wanne katika vyumba viwili vya ghorofani, juu ya duka la vyerehani karibu na soko la Kuopio. Tulitengeneza gemu za kompyuta za Kifini, zile za kusoma maelezo, kutazama picha, kuokota vitu na kufumbua mafumbo. Zilikuwa za mashine ambazo leo hata mafundi wa redio hawazitaki. Ukimwuliza leo mtu wa Kuopio kama anaikumbuka Lumikuikka, atadhani unamwuliza habari za kuikka, ndege wa ziwani.

Tuomo, bosi wetu, alitaka mtu wa kupokea simu za wachezaji waliokwama. Ofisi ya ajira ilimletea Hilkka. Alikuwa amekaa kwenye swichibodi ya kiwanda cha mbao miaka thelathini na mmoja, mpaka mdororo wa uchumi ulipokuja na kiwanda kikafungwa. Mumewe, Reino, aliendesha lori la magogo la kiwanda hichohicho. Waliachishwa kazi wiki ileile.

"Unajua nini kuhusu gemu?" Tuomo alimwuliza.

"Sijui kitu."

"Sasa utawasaidiaje watu?"

"Nitawasikiliza mpaka mwisho," Hilkka akasema. "Wewe umeshawahi kusikilizwa mpaka mwisho kwenye simu?"

Tuomo alicheka, akamwonyesha pa kutundika koti.

Kazi ile ilimfaa kuliko tulivyotegemea, na sababu ni kwamba alikuwa Msavo halisi, mtu wa jimbo la Savo, mzaliwa wa Tuusniemi. Sisi Wasavo husemwa kwamba tukifungua mdomo, jukumu linamhamia msikilizaji. Hatusemi ndiyo, hatusemi hapana. Na mchezaji aliyekwama hataki jibu. Ukimpa jibu unamwibia mchezo, anataka dokezo tu. Mimi nilipopokea simu nilikuwa natoboa siri yote kwa sentensi moja ili nirudi kazini kwangu. Hilkka hakuwahi kutoboa.

"Shangazi, mlango haufunguki!" mtoto wa kike wa Mikkeli alimpigia siku moja. Watoto wote walimwita shangazi, Shangazi wa Simu.

"Mlango gani huo, mwanangu?"

"Wa ghala la unga!"

"Ee. Na wewe umefika hapo mikono mitupu?"

"Hapana. Nina mshumaa, nina kamba, nina samaki."

"Samaki," Hilkka akasema, kama mtu anayesikia habari ya msiba wa mbali. "Haya. Na yule paka wa msagaji siku hizi analala wapi?"

Kisha tukasikia mlio wa furaha uliotufikia mpaka meza ya pili, na simu ikakatwa bila kwaheri. Hilkka akaandika kwenye daftari lake la shule lenye jalada la buluu: jina, mji, alipokwama, alichokuwa nacho mkononi. Aliandika hivyo kwa kila aliyepiga. Wengine aliwaomba anwani pia, maana alikuwa na tabia ya kuwatumia kadi wakimaliza gemu.

Oktoba mwaka ule tulitoa gemu yetu ya tatu, *Kengele za Kisiwani*. Niliiandika mimi, miezi kumi na mmoja, na niliipenda kama mtu anavyopenda mtoto wake wa kwanza, yaani bila kuona kasoro. Mchezaji anafika kwa mashua kwenye kisiwa cha ziwani ambako kengele saba za kanisa zimenyamaza. Kila kengele ina kinachoikosesha sauti. Ya sita imepoteza ulimi wake, kile chuma kinachoigonga kwa ndani, na ulimi wenyewe uko palepale mwanzoni, chini ya kiti cha mashua, umefungwa kwenye gunia. Ndicho kitu cha kwanza karibu kila mtu anachokiokota.

Miongoni mwa waliopiga simu kulikuwa na Martti, fundi wa reli wa Pieksämäki. Alikuwa ameumia mgongo mwezi wa Septemba, na daktari alimwamuru alale juu ya ubao hadi msimu wa kuchipua. Mkewe alimwekea kompyuta juu ya kimeza cha magurudumu cha chai, kando ya kitanda. Alipiga kila Jumanne saa saba mchana, mkewe akiwa kazini.

"Mama wa simu, ni mimi tena, maiti wa Pieksämäki."

"Umekufa tena?"

"Nimekufa pale pale. Kengele ya sita."

"Ulimi wake unao?"

"Niliuokota siku ya kwanza! Naapa. Sasa nikifungua mkoba, haumo."

Hilkka alitazama karatasi ya majibu niliyomwandikia. Niliandika kwamba ulimi haupotei, asiye nao atakuwa ameuweka mahali akasahau. Basi akamwambia Martti, kwa upole na kwa kuzunguka kama kawaida yake, kwamba mtu akipoteza kitu hurudi alikopita. Martti akarudi alikopita. Alikipekua kisiwa kizima, nyumba kwa nyumba, wiki nzima. Jumanne iliyofuata alipiga tena, na nyingine tena, kila mara sauti yake ikiwa imepungua mzaha kidogo.

Mwisho wa Novemba Hilkka alikuja mezani kwangu na daftari.

"Vesa, huu ulimi unapotea."

"Haupotei."

"Nina watu kumi na saba."

"Mimi nimeicheza mara mia mbili, Hilkka. Mara mia mbili nimeipiga ile kengele. Watu hupoteza vitu, ndivyo walivyo."

"Mmoja ni mwalimu mstaafu wa hesabu, wa Iisalmi. Anaandika kila hatua kwa wino. Wawili ni ndugu wa Kokkola, wanacheza zamu, mmoja anacheza, mmoja anamchunga."

"Basi wamechungana vibaya." Nilikuwa na mchezo mpya kichwani na sikutaka kurudi nyuma. Nikaongeza neno ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio yananiwaka: "Na hata hivyo, ni gemu tu."

Hilkka alilifunga daftari taratibu.

"Martti amelala juu ya ubao wiki ya kumi," alisema. "Nimemtuma kuzunguka kisiwa mara nne kwa maneno yako. Nitampa namba yako umwambie mwenyewe kwamba ni gemu tu."

Hakunipa muda wa kujibu. Jioni ile alimwomba Tuomo amwazime kompyuta moja, akaifunga kwa kamba kwenye kiti cha kigari chake cha kusukuma kwa mguu juu ya theluji, akaifunika blanketi, akaondoka nayo akiteleza kwenye barabara ya ziwani kama anampeleka mgonjwa.

Yaliyotokea nyumbani kwao sikuyaona, alinisimulia baadaye. Reino tangu aachishwe kazi alikuwa amegeuka mtu wa dirishani. Aliamka, akanywa kahawa, akakaa akitazama barabara ambayo lori lake halipiti tena. Hilkka aliiweka kompyuta juu ya meza ya jikoni kwa sababu ndipo palipokuwa na plagi, naye Reino alilazimika kusogeza kikombe chake.

"Ni nini hicho?"

"Ni kazi. Mimi nacheza, wewe nichoree njia, maana mimi nikigeuka mara mbili sijui kaskazini."

Reino alisema kwamba yeye si mtoto. Lakini alimtazama mkewe akipotea msitu uleule mara tatu, na dereva wa magogo hawezi kuvumilia kuona mtu anapotea msituni. Alileta bunda lililobaki la karatasi za kupamba kuta kutoka ghalani, akalitandaza upande mweupe, akachonga penseli ya seremala. Siku ya pili alikuwa anamkaripia: "Si huko! Huko tumeshapita! Bi kizee, soma ramani!" Hilkka aliniambia kuwa hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasikia kwake tangu kiangazi.

Walicheza siku nane. Waliokota kila kilichookoteka, maana hawakujua kipi kitafaa. Mara mbili ulimi ulikuwemo mkobani, na mara mbili ulitoweka, wala hawakuona umetoweka wapi. Siku ya nane Reino akaweka penseli chini.

"Hesabu vitu vilivyomo."

Hilkka akahesabu. "Ishirini."

"Okota kile kikombe cha bati."

Akaokota.

"Hesabu tena."

"Ishirini."

"Vilikuwa ishirini, tumeongeza kimoja, na bado ni ishirini," Reino akasema. "Kwenye lori langu hilo lingekuwa na maana moja tu. Kuna gogo limedondoka barabarani."

Alhamisi, tarehe tisa Desemba, walikuja ofisini wote wawili. Reino alibeba kompyuta, Hilkka alibeba bunda la ramani. Waliitandaza sakafuni, ikafika kutoka dirishani mpaka kwenye mlango wa choo: kisiwa changu chote, kila kichochoro, kimechorwa na mtu ambaye hakuwa amewahi kucheza gemu. Katika sehemu mbili kilikuwa sahihi kuliko michoro yangu mwenyewe.

Hilkka akakaa akacheza mbele yetu. Alipofika kwenye kikombe cha bati, alifungua mkoba, ulimi wa kengele ukaonekana wa kwanza juu ya orodha. Akaokota kikombe. Akafungua mkoba tena. Wa kwanza sasa ulikuwa mshumaa.

Niliifungua programu yangu, na haikunichukua dakika kumi. Mkoba niliupa nafasi ishirini, na sikuwahi kujiuliza mtu akiokota cha ishirini na moja itakuwaje. Ikawa hivi: kipya kinaingia, cha zamani kuliko vyote kinafutika kimyakimya, kisiwani na mkobani. Na cha zamani kuliko vyote kilikuwa kile cha mashua. Mtu mzembe, anayeokota viwili vitatu, angeimaliza gemu vizuri kabisa. Mwangalifu asiyeacha kitu nyuma ndiye aliyekwama.

"Lakini nimeicheza mara mia mbili," nilisema, na sauti yangu haikuwa ile ya mwanzo.

"Wewe unaijua njia," Hilkka akasema. "Kwa hiyo huokoti takataka. Wenzako hatujui kipi ni takataka."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningepata pa kushikilia. Nilikaa nikitazama viatu vyangu, Reino akanisogezea kikombe cha kahawa, na hapo nikaona aibu zaidi.

Kurekebisha nilimaliza siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana. Kazi ikawa kwa Tuomo.

"Sawa, diski za kuanzia leo zitakuwa nzima," alisema. "Wale wa zamani wakipiga, tutawaambia wasiokote kila kitu."

"Yaani nimwambie mtu kosa lake ni kuwa makini?"

"Hilkka, tumebakiza wiki mbili kufika Krismasi. Siwezi kuanza kuwatafuta watu nchi nzima. Nitawajua wapi?"

Hilkka aliweka madaftari matano mezani, moja juu ya jingine. "Wamo humu. Anwani nilizokosa nitapiga simu niulize. Waliotupigia kuhusu kisiwa ni watu mia mbili na kumi na wawili."

Tuomo aliyatazama yale majalada ya buluu, akamtazama Reino, akanitazama mimi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu, na mwaka ule nani hakuwa nayo. Akavaa kofia yake.

"Diski tupu ziko kwenye kabati la nyuma," alisema. "Mimi naenda kula. Sijaona kitu."

Tulinakili siku tatu mfululizo, kompyuta nne zikiguguna diski kama panya. Reino alibandika stempu. Hilkka alileta mikate mitamu ya iliki na kutugombeza tukiweka vidole vyenye siagi kwenye bahasha. Mimi niliandika rasimu ya barua iliyosema "toleo lililoboreshwa." Hilkka aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni kama karatasi ya pipi, akaandika yake:

*Mpendwa mchezaji, kosa lilikuwa letu. Wewe ulikuwa unacheza sawasawa. Tafadhali anza tena na diski hii, na utusamehe kwa muda wako.*

"Na hapa chini, utie saini wewe," akaniambia.

"Zote?"

"Kwani aliyekosea alikosea nusu?"

Nilitia saini mara mia mbili na kumi na mbili. Kufikia ya hamsini jina langu lilikuwa limeanza kuonekana la mtu mwingine. Kufikia ya mia nilikuwa nasoma majina kwenye bahasha, na miji yao, Kemi, Loimaa, Suomussalmi, nikagundua kwamba kwa miaka mitatu ya kutengeneza gemu sikuwahi kumfikiria hata mmoja wao ameketi wapi.

Bahasha ya Martti, Hilkka hakuiamini posta peke yake. Alimpigia siku ileile. Nilimsikia akisema, "Martti, ulimi hukuupoteza. Ulipotezwa." Kisha akasikiliza muda mrefu, akisema "ee" mara kwa mara. Alipoweka simu chini alisema kwamba Martti alikuwa ameanza kufikiri ajali ile ilimgusa na akili, na alikuwa hajamwambia mkewe.

Jumanne, tarehe ishirini na moja, saa saba mchana, simu ikaita. Reino alikuwepo, siku hizo alikuwa anakuja tu bila kuitwa.

"Mama wa simu? Uko peke yako?"

"Nipo na wenzangu."

"Waite waje. Nimesimama mbele ya ya sita. Sijaipiga, nimewasubiri."

Hilkka akainua simu ili wote tusikie. Tulisikia kimeza cha chai kikigongwa, na Martti akitukana kwa sababu waya haukufika. Kisha kengele ikalia. Sauti ile niliitengeneza mimi mwenyewe, kwa kupiga kijiko cha mbao kwenye mfuniko wa mkebe wa maziwa wa bibi yangu, na niliisikia mara mia mbili. Ila siku ile ilitoka mbali, Pieksämäki, kupitia waya na theluji, ikiwa nyembamba na safi, na nilikuwa kama sijawahi kuisikia. Reino alivua kofia. Tuomo alikuwa amesimama mlangoni na sandwichi mkononi, haumi.

Nyuma kabisa ikaja sauti ya mwanamke: "Martti! Nimeomba ruhusa kazini nirudi mapema kwa ajili ya hiki? Zima hicho kidude, viazi vinapoa!"

"Ni kanisani, mama, heshimu!" Martti akamjibu, na wote tukacheka, hata Hilkka, ambaye alikuwa anajipangusa macho kwa pindo la sweta.

Hakuna gazeti lililoandika habari hiyo. *Kengele za Kisiwani* iliuza nakala mia tisa hivi. Mwaka uliofuata tulitoa moja zaidi, lakini watu walikuwa wamehamia mashine mpya, na gemu za nje zilikuja na muziki na sinema ndani yake. Majira ya kuchipua ya 1995 Lumikuikka ilifungwa. Tulibeba meza ngazini wenyewe. Hilkka alifagia vyumba vyote viwili, ingawa hakuna aliyemwambia.

Alipata kazi ya swichibodi katika hospitali moja, akakaa huko mpaka alipostaafu. Reino alichukuliwa na klabu ya mchezo wa kutafuta njia msituni. Walihitaji mtu wa kutembea na kusahihisha ramani zao. Alitembea misitu ya Savo miaka kumi na mmoja na penseli sikioni, mpaka moyo wake uliposimama vuli moja, nyumbani, akiwa anavua buti. Mimi nilihamia Oulu. Naandika programu za maabara, na kila ninayoimaliza humpa kwanza mtu ambaye hajui lolote, nikaketi kando yake na kufunga mdomo. Vijana kazini wanaona ni polepole mno.

Mwaka 2018 watu fulani wa Turku wanaokusanya gemu za Kifini zilizosahaulika waliniandikia kwamba wameifufua *Kengele za Kisiwani* na sasa inachezeka kwenye kompyuta za leo. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Nilipopita Kuopio niliingia katika nyumba ya wazee alikokuwa Hilkka, na kompyuta ya mkononi begani. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, mwembamba, koti limebadilika lakini bado ni la kijani.

Niliifungua juu ya meza. Mashua ikaelea, ziwa lile la vidoti vya buluu.

"Ehee," alisema. "Ni kadogo hivi? Nilikumbuka ni kakubwa."

"Unataka kuicheza?"

"La. Macho hayataki. Na isitoshe, niliimaliza." Akaitazama kidogo. "Martti alitembea mwezi wa Mei uliofuata, nilikwambia? Alikwenda kituoni kwa miguu yake, akanunua gazeti, akarudi. Alinitumia kadi kila Krismasi mpaka mkewe akaniandikia mwaka 2011 kwamba ametutoka."

Sikuwa nimejua. Nilimwuliza kama aliwahi kukutana naye uso kwa uso.

"Ya nini?" akasema. "Tulikuwa tunazungumza."

Kengele ya chakula ikapigwa huko ukumbini. Siku ile walipika supu ya samaki, na kwa maelezo ya Hilkka, mpishi mpya alikuwa mtu wa pwani asiyejua kutia majani ya shibiti. Akanipa mkono nimwinue, tukaenda polepole kwenye foleni.